Ngoro, Karanga na Matuta: Historia ya Kilimo Inatufundisha Nini Juu ya Uvumbuzi?

UTANGULIZI

Mara nyingi tunaposikia neno uvumbuzi, mawazo yetu hukimbilia kwenye maabara, viwanda na mitambo ya nchi zilizoendelea. Mkulima wa jembe la mkono huwekwa upande wa pili kabisa. Yeye husemekana kuwa ni mtu wa kuletewa uvumbuzi, wa kuelimishwa na kuhimizwa. Na akikataa, ni wa kulaumiwa kwamba amefungwa na mila. Fikra hii ukoloni uliipalilia kwa makusudi, kwa sababu mtu akishaaminishwa kwamba hajui kitu, ni rahisi kumnyang'anya ardhi yake na kumpangia kazi. Lakini kasumba haiondoki siku ile bendera inapopandishwa. Imebaki katika vichwa vya baadhi ya wataalamu, viongozi na wasomi, na mara nyingine hata katika kichwa cha mkulima mwenyewe.

Makala hii inakusudia kuipima fikra hiyo kwa historia ya nchi yetu. Hatuna nia ya kusifu kila kilichofanywa na mababu, wala kuipuuza sayansi. Swali letu ni moja: uvumbuzi katika kilimo hutokea katika mazingira gani, na hufa katika mazingira gani? Jibu lake ni la lazima kwa kada, kwa sababu ndiye anayepeleka mipango vijijini, na mpango ukishindwa anayelala na njaa ni mkulima.

MILA NI UVUMBUZI WA JANA

Tuanze na chakula kilichomo katika vyungu vyetu. Mahindi, muhogo na karanga asili yake ni bara la Amerika, na viliingia Afrika baada ya Wareno kuanza kusafiri baharini katika karne ya 15 na ya 16. Mgomba ulitoka Asia zamani zaidi. Leo tunaviita vyakula vya asili. Lakini kila kimoja kilikuwa kigeni siku moja, na palikuwapo mkulima wa kwanza aliyekipanda kidogo pembeni mwa shamba, akakitazama msimu mmoja, miwili, akajua kinapenda udongo gani na kinavumilia ukame kiasi gani, ndipo akampa jirani mbegu. Hakuna serikali iliyotoa amri kwamba Afrika Mashariki ile ugali wa mahindi. Kwa hiyo yule anayeambiwa kuwa ni mtu wa mila ni mjukuu wa watu waliobadili kilimo chao mara nyingi.

Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa katika Mkoa wa Arusha, kuna magofu ya mashamba yaliyotengenezwa kwa kuta za mawe na mifereji ya kumwagilia, yaliyoenea katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 20. Wakulima wake waliishi hapo tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Kwenye mlima Kilimanjaro Wachagga walichimba mifereji iliyotoa maji katika makorongo na kuyafikisha katika vihamba, na wageni wa Kizungu waliofika katikati ya karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi.

Wachagga hao hao walipoletewa kahawa hawakuikataa. Waliipanda chini ya kivuli cha migomba, wakaiingiza katika kilimo walichokuwa nacho bila kukivunja. Waliopinga maendeleo hayo walikuwa walowezi, ambao hawakutaka Mwafrika ashindane nao sokoni wala aache kuwa kibarua wao. Ndiyo sababu mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha wapanda kahawa, ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1930 kilipisha chama kikuu cha ushirika, KNCU. Hapa tunapata funzo la kwanza: suala la uvumbuzi halitenganishwi na suala la nani anamiliki ardhi na nani anafaidi mavuno.

NGORO ZA WAMATENGO

Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, ina milima yenye miteremko mikali na mvua nyingi. Katikati ya karne ya 19, Wangoni walipoingia na kuimarisha tawala zao katika nchi ya Songea, Wamatengo wengi walibanwa milimani, sehemu za Litembo na jirani zake, ambako ilikuwa rahisi kujilinda. Usalama waliupata, lakini kilimo cha kufyeka msitu na kuhama kilitaka eneo kubwa, nalo halikuwapo. Kulima mteremko mkali mwaka hadi mwaka bila kinga kungeupeleka udongo wote mtoni. Ni katika shida hiyo kilimo cha ngoro kilipopata nguvu.

Tukieleze kwa ukamilifu, maana wengi wamekisikia tu. Mvua zinapoelekea mwisho wake, majani yaliyoota katika shamba lililopumzishwa hufyekwa; kwa desturi hiyo ni kazi ya wanaume. Majani yakinyauka hupangwa kwa mistari inayokatana kama nyuzi za wavu, na kuacha miraba yenye upana wa karibu meta moja na nusu hadi mbili. Kisha wanawake, kwa jembe la mkono, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani. Palipochimbwa hubaki shimo. Palipofunikwa huinuka tuta. Juu ya matuta hupandwa maharage, na katika msimu unaofuata hupandwa mahindi. Baada ya hapo shamba hupumzishwa kwa muda, kisha kazi huanza upya. Mtu akiutazama mlima kwa mbali huona kitu kama sega la nyuki.

Kazi ya ngoro ni nini? Maji ya mvua hayapati nafasi ya kukusanyika na kukimbia, kwa sababu kila shimo huyapokea na kuyanywesha ardhini. Udongo uliosombwa kutoka kwenye tuta huishia shimoni, si mtoni. Majani yaliyofukiwa huoza na kuwa mbolea chini ya mizizi, na maharage nayo huongeza rutuba. Shamba linapolimwa tena, mashimo mapya huchimbwa palipokuwa na matuta, kwa hiyo udongo wa shamba zima hugeuzwa na kupumzishwa kwa zamu. Haya ndiyo yale ambayo mtaalamu huyaita hifadhi ya udongo, hifadhi ya maji na urutubishaji, na yote matatu hufanywa kwa tendo moja la jembe.

Utawala wa Kiingereza ulikijua kilimo hiki. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maelezo yake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikaa Mbinga na kukichunguza kwa vipimo. Lakini hakuna kitabu kinachotaja jina la mvumbuzi wa ngoro, kwa sababu hakuwa mtu mmoja. Walikuwa ni watu wengi kwa vizazi kadhaa, kila mmoja akiongeza au kupunguza kidogo na kutazama matokeo.

Hata hivyo hatuna budi kusema ukweli wote. Ngoro ni kazi nzito, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mabegani mwa wanawake. Kahawa ilipoingia milimani humo ikawa zao la fedha, na fedha hizo mara nyingi zilishikwa na wanaume, huku kuchimba ngoro za chakula kukibaki kwa wanawake. Tunaposifu uvumbuzi wa wananchi bila kuuliza ni nani kati yao anayetoa jasho, tunaficha unyonyaji uliomo ndani ya nyumba. Mjamaa hana ruhusa ya kufanya hivyo.

UKARA: MKULIMA HUPIGA HESABU

Wako watakaosema kwamba Wamatengo ni watu wa aina ya pekee, wenye kipaji cha kabila lao. Kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria kinatuonyesha kwamba maelezo hayo hayana msingi.

Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi sana. Katika miaka ya 1960 kilikuwa na kiasi cha watu 200 kwa kila kilometa moja ya mraba. Udongo wake ni wa mchanga, usio na rutuba nyingi. Wakara hawakuwa na mahali pa kuhamishia mashamba, kwa hiyo waliulazimisha udongo ule ule kuzaa kila mwaka. Ng'ombe walifugwa ndani, wakakatiwa majani na kuletewa. Samadi yao ikakusanywa na kubebwa hadi mashambani. Katikati ya uwele walipanda marejea, si kwa kuyala, bali kwa kuyafukia yawe mbolea. Walijenga kuta za mawe kuzuia mmomonyoko. Miti ilipandwa na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Maofisa wa kilimo waliofika huko katika miaka ya 1930 walishangaa kukuta mambo waliyokuwa wakiyahubiri kwingine bila mafanikio.

Lakini jambo kubwa zaidi ni hili. Wakara waliohamia Ukerewe na bara, ambako ardhi ilipatikana, wengi wao waliacha kubeba samadi na kufukia marejea. Mtazamaji wa juu juu atasema wamerudi nyuma. Sivyo. Ukara ardhi ilikuwa haba na nguvu kazi ilikuwa nyingi, kwa hiyo ilifaa kutoa jasho jingi ili kupata gunia moja zaidi katika kipande kile kile. Palipo na ardhi ya kutosha, jasho hilo hilo lilizaa zaidi kwa kupanua shamba. Akili ilikuwa ile ile. Hali halisi ndiyo iliyobadilika.

Kwa hiyo uvumbuzi hauko katika damu ya kabila fulani. Unatokana na uhusiano kati ya watu, ardhi, zana na nguvu kazi yao. Na mkulima anapokataa mbinu mpya, kabla ya kumwita mkaidi, yatupasa kwanza kuuliza: hesabu yake inasemaje?

KARANGA ZA KONGWA

Sasa tuangalie upande wa pili: mpango uliokuwa na fedha, mitambo, wataalamu na serikali nyuma yake, lakini haukuwa na mkulima ndani yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na mpango wa kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa kiasi cha pauni milioni 25. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliutetea mpango huo Bungeni, na kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha ekari 7,500. Matrekta yalikuwa mabaki ya vita, mengi yakiwa yamechakaa. Hata vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka vya Ugogo ilivunja majembe. Udongo wenyewe, uliochanganyika mfinyanzi na mchanga mkali, ulikula vyuma, na kiangazi kilipofika ukawa mgumu kama saruji, karanga zisichimbike. Kisha mvua zikakosekana. Mpango ukapanuliwa Urambo na Nachingwea, na bandari na reli vikajengwa Mtwara, lakini mwezi Januari mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha. Pauni milioni 36 na nusu zilikuwa zimepotea.

Je, hakuna aliyejua kwamba nchi ile ni ya ukame? Wagogo walijua. Kilimo chao kizima kilikuwa ni ushahidi: walipanda mtama na uwele vinavyostahimili jua, walitawanya mashamba na mifugo ili mahali pamoja pakikosa mvua pengine papate, na waliweka akiba yao katika ng'ombe wanaoweza kutembea kufuata malisho. Maarifa hayo yalikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuyaona. Lakini katika mpango huo Mgogo alionekana kama kibarua tu. Na historia ina hukumu yake: sehemu ya ardhi hiyo iliyong'olewa vichaka kwa mamilioni ya pauni baadaye ilifanywa ranchi ya ng'ombe. Mfugaji wa Ugogo angeweza kuishauri hivyo tangu mwanzo, bila malipo.

Tusidanganyike kwamba kosa lilikuwa trekta. Trekta ni zana, na sisi tunazihitaji zana bora. Kosa lilikuwa katika lengo na uhusiano. Lengo lilikuwa kujaza pengo la mafuta Uingereza, na walioamua hawakuwa wale ambao wangelima. Zaidi ya hayo, mpango ulianza na ukubwa kabla ya jaribio. Mkulima akijaribu mbegu mpya katika kona ya shamba na ikafa, hupoteza kona. Kongwa walijaribu kwa shamba zima.

MATUTA YA ULUGURU

Mfano wa mwisho ni wa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu safari hii wataalamu hawakuwa wamekosea tatizo. Milima ya Uluguru ilikuwa kweli inapoteza udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi, na kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Asiyechimba alishtakiwa.

Matuta ya ngazi yamefanya kazi vizuri katika nchi nyingi. Lakini mahali pengi Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Mkulima alipoukata mlima ili kupata ngazi, alifukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usiozaa. Baada ya jasho lote hilo mavuno yalipungua. Watu waliona wazi kwamba wanafanyishwa kazi nzito ili wapate chakula kidogo zaidi. Wengi walihofu pia kwamba matuta ni hatua ya kwanza ya kunyang'anywa ardhi, na hofu hiyo haikuwa ya kijinga katika nchi ambako walowezi walikwisha kutwaa mashamba.

Mwezi Julai mwaka 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Matuta ya lazima yakaachwa. TANU, iliyokuwa imetimiza mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa kwake tarehe 7 Julai 1954, ilipata wanachama wengi kutokana na hasira za wakulima dhidi ya amri za namna hii, Uluguru na sehemu nyingine za nchi. Chama chetu kina mizizi katika ukaidi huo ambao wakoloni waliuita ujinga.

Tulinganishe sasa Uluguru na Mbinga. Milima yote miwili ina miteremko mikali, mvua nyingi na jembe la mkono. Katika mmoja udongo ulihifadhiwa bila askari hata mmoja. Katika mwingine askari walikuwapo na udongo haukuhifadhiwa. Wamatengo walichimba kwa kuwa waliona faida katika maharage na mahindi yao, na waliweza kurekebisha pale walipokosea. Waluguru walinyimwa yote mawili: faida, na haki ya kurekebisha.

MAFUNZO KWA KADA

Kutokana na mifano hii tunaweza kueleza mambo matatu yanayohitajika ili uvumbuzi uzaliwe na kudumu. La kwanza ni shida halisi inayomkabili yule anayefanya kazi, si shida ya mtu mwingine aliye mbali. La pili ni nafasi ya kujaribu kidogo kidogo, na kukosea bila kufa njaa. La tatu ni uhakika wa kufaidi matokeo, maana yake uhakika wa ardhi, wa soko, na wa mgawanyo wa haki kati ya wanaume na wanawake wanaozalisha.

Mambo haya yanaihusu historia yetu baada ya uhuru pia. Waraka wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967 ulisisitiza hiari na kuanza na hali ya kila mahali. Miaka ya kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamia vijijini. Vijiji vilisogeza shule, zahanati na maji karibu na wananchi, na faida hiyo haikanushiki. Lakini pale ambapo eneo la kijiji lilichaguliwa kwa haraka, kwa kufuata barabara na bila kumwuliza mkulima, watu walijikuta mbali na mashamba ambayo udongo wake waliujua kwa vizazi, na wakaanza upya katika udongo wasioujua. Maarifa ya shamba hayabebeki kwenye lori. Suala hapa si kwamba umoja ni mbaya. Ni kwamba amri haiwezi kuchukua nafasi ya uchunguzi, hata amri hiyo ikiwa na nia njema.

Hatusemi kwamba mkulima anajua yote. Ngoro haziwezi kuzuia ugonjwa wa kahawa, wala samadi ya Ukara haikutosha kuondoa umaskini wa kisiwa. Yako mambo ambayo jicho haliyaoni bila darubini, na mvua zinavyozidi kuyumba siku hizi uzoefu wa jana pekee hautoshi. Sayansi inahitajika sana. Wala hatusemi ngoro zichukuliwe Mbinga na kuamrishwa mikoa yote. Huko kungekuwa kurudia Uluguru kwa jina la uzalendo. Tunachosema ni kwamba sayansi huzaa matunda inapokutana na mkulima kama mshiriki wa utafiti, na hugeuka kuwa hasara inapomkuta kama kibarua wa mpango.

Kwa hiyo, kada anayepelekwa kijijini na mbegu mpya, mbolea mpya au mpango mpya ana kazi ya kufanya kabla hajasimama kuhutubia. Aulize watu wanalima nini, na kwa nini. Aulize nani hulima, nani huvuna na nani huuza. Aulize ni mbinu gani zilizowahi kujaribiwa hapo zikaachwa, na sababu yake. Jaribio lianze katika kipande kidogo, na hasara yake isibebwe na kaya maskini. Na wananchi wakisema jambo hili halifai, jibu hilo liandikwe katika taarifa kama lilivyo, lisibadilishwe ili kumpendeza aliye juu. Taarifa za uongo juu ya ekari zilizolimwa zimekwisha kuleta njaa mahali pengi duniani.

Mwanafunzi naye ana wajibu wake. Wengi wametoka katika nyumba za wakulima, wakafundishwa kuiona elimu kuwa ni mlango wa kutokea shambani. Wanaporudi likizo, wachukue daftari na kwenda na mama zao mashambani, waandike majina ya udongo, ya mbegu, ya majani na ya magugu, pamoja na sababu ya kila tendo. Wazee wanaojua mambo hayo wanapungua kila mwaka, na sehemu kubwa ya maarifa yao haijaandikwa popote. Kazi hiyo haihitaji fedha za kigeni wala mitambo. Inahitaji mtu aliye tayari kukubali kwamba mwenye jembe mkononi naye ni mwalimu.